Ukitumwa Zanzibar kikazi, usiseme "nitaingia safari ijayo"

Mkaguzi Msafiri

Wakuu, salaam na poleni na kazi.

Mwaka 2011 nilipelekwa Unguja kwenye semina ya siku tano. Ukumbi ulikuwa mwendo mfupi tu kutoka Forodhani, na kila asubuhi na kila jioni nilipita mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba refu jeupe lenye nguzo za chuma na roshani zilizolizunguka, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Wakati ule lilikuwa makumbusho. Ndani, kwenye ua wa kati, kulikuwa na mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Mwenzangu mmoja aliingia siku ya pili, akarudi hana maneno mengine zaidi ya mtepe. Mimi nikamwambia nimechoka, nitaingia safari ijayo.

Niliporudi 2017 nikakuta limefungwa kwa ubovu. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, upande wa mbele ukaporomoka, mnara wa saa ukaenda nao, na watu wawili wakapoteza maisha. Niliiona picha kwenye simu nikiwa nyumbani, nikakaa kimya muda mrefu. Kwanza kwa ajili ya wale waliokufa. Kisha kwa ajili ya zile mara kumi nilizopita mlangoni na sikuingia.

Uzi huu ni kwa wale mnaotumwa Zanzibar kwa semina, ukaguzi, mafunzo au kufunga mitambo, mkarudi na picha za ukumbi na vitambulisho shingoni. Nawaeleza nilivyofanya mwaka 2017, nilipokwenda kwa siku nane kukagua vitabu vya kampuni moja, na nilichojifunza.

Ofisi niliyokaa ilikuwa ndani ya nyumba ya zamani mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe. Chumba kirefu lakini chembamba, meza tatu zimepangwa kama mabehewa. Siku ya kwanza nilinung'unika kwamba hatuwezi hata kupishana. Karani mmoja mtu mzima akanisikia, akanyoosha kidole juu. "Tazama boriti, mwanangu." Dari lilikuwa la miti ya mikoko imelazwa sambamba, juu yake mawe na chokaa. Akanieleza kwamba chumba cha nyumba za Mji Mkongwe hakiwezi kuwa kipana kuliko urefu wa boriti, na boriti nzuri ya mkoko ina kama mita tatu hivi. Ukitaka chumba kikubwa, unakirefusha, kukipanua huwezi. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, nene kiasi cha mtoto kukaa dirishani akakunja miguu.

Nikamuuliza mbona nyumba nyingine zina nyufa. Akanipeleka ukutani, sehemu mbili zilizokaribiana. Moja ilipakwa chokaa ya zamani. Nilipoigusa ilikuwa kavu na laini, unga kidogo ukabaki kidoleni. Nyingine ilikarabatiwa kwa saruji, na chini yake ukuta ulikuwa na unyevu, rangi imevimba kama lengelenge. "Jiwe hili linapumua," alisema. "Chokaa inaliacha lipumue. Saruji inaliziba, maji yanabaki ndani, boriti inaoza kichwani palipoingia ukutani." Nilikuwa nimekuja kukagua vitabu, nikapata somo ambalo mtalii anayekaa mbele ya bahari na kupigwa picha halipati. Sisi tunaotumwa kazini tunafunguliwa milango ya ndani. Tunakaa vyumbani, tunakunywa chai na watu wa pale, tunauliza. Hiyo ni bahati, na wengi wetu tunaipita.

Sasa kuhusu muda. Kazi ilianza saa 3 asubuhi, ikaisha kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Soko la Darajani linaamka mapema mno kuliko sisi, na majengo ya makumbusho hufungwa jioni. Kwa hiyo nilijipangia: asubuhi soko, alasiri jengo moja. Moja tu. Siku niliyojaribu kuingiza mawili nililiona moja na kulikimbia la pili.

Darajani saa 12 na nusu asubuhi, kwenye mnada wa samaki, ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali popote. Jengo la soko ni la mwaka 1904, paa la vigae vyekundu, na jina lenyewe linatokana na daraja lililokuwa hapo wakati mkono wa bahari ulipoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ule mkono umefukiwa, daraja halipo, jina limebaki. Samaki walimwagwa sakafuni: changu kwa mitungo, jodari mmoja mrefu kama mtoto wa darasa la tatu, pweza wamekunjwa kwenye beseni. Dalali alikuwa amevaa mabuti ya mpira na kofia ya kiua. Haongei haraka kama nilivyotarajia. Anataja bei, ananyamaza, anazungusha macho. Mnunuzi mmoja hakufungua mdomo hata mara moja, alikuwa akiinua nyusi tu, na kila alipoinua bei ilipanda. Jodari aliuzwa kabla sijaelewa nani ameshinda. Nilisimama pale nikiwa na shati langu la ofisini, harufu ikaniganda hadi mchana, sikujali.

Nitaendelea na Mkunazini, maana hapo panahitaji kuandikwa kwa utulivu.

Mkaguzi Msafiri

Naendelea.

Kanisa la Anglikana la Mkunazini limejengwa juu ya soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo. Aliyeusimamia ni Askofu Edward Steere. Ndani, mbele ya madhabahu, sakafuni kuna duara la marumaru. Husemwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti walipofungiwa watu na kuchapwa. Nje, kwenye shimo lililojengewa, kuna sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Wamezama hadi kiunoni, nyuso zimeangalia pande tofauti.

Nilifanya kosa la kwenda siku ya kwanza mchana, wakati wa mapumziko ya chakula, nikiwa na dakika 40. Nilitoka pale, nikarudi ofisini, nikaketi mbele ya daftari la stoo, na nilijikuta nahesabu idadi ya mifuko huku naona zile shingo. Sikuweza. Nilirudi tena alasiri ya siku ya nne, nikakaa kwenye benchi hadi mlinzi akaniambia wanafunga. Ushauri wangu wa dhati: Mkunazini usipaweke katikati ya shughuli. Pape alasiri nzima, na baada yake usipange mkutano wala chakula cha jioni na wateja.

Kuna jambo jingine linalonigusa kama mtu niandikaye Kiswahili kila siku. Steere huyohuyo, aliyezikwa nyuma ya madhabahu mwaka 1882, ndiye aliyekaa na watu wa Unguja akakusanya ngano zao na kuandika sarufi ya lugha yao. Na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa baadaye, mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Nilikuwa nimesimama mahali palipouziwa watu, na hapohapo amelala aliyeandika sarufi ya maneno ninayoyatumia kuwaandikia ninyi. Sijui nifanye nini na jambo hilo zaidi ya kulikumbuka.

Binti wa Leja

Asante sana kaka kwa uzi. Umenikuta pazuri, natarajia kwenda Unguja mwezi ujao kwa mafunzo ya siku sita. Nitakuwa peke yangu, sina ndugu kule. Naomba kuuliza: kutembea peke yangu mwanamke vichochoroni alasiri kukoje? Na wale vijana wanaofuata wageni?

Mtoto wa Shangani

Dada karibu sana kwetu, na ndugu Mkaguzi ahsante kwa kuandika kwa heshima.

Wale vijana sisi tunawaita papasi, kama kupe, kwa sababu wanaganda. Ukiitika kwa upole "ahsante, nipo kazini" na ukaendelea na njia yako, wengi wanakuacha. Ukisimama kujieleza umekwisha. Ukitaka mtembezaji, chukua mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na mpatane bei kabla hamjapiga hatua.

Vichochoro mchana na alasiri havina shida, watu wapo barazani. Usiku ukiingia pita njia zenye taa na maduka. Ukipotea, na utapotea, endelea kwenda mbele. Mji Mkongwe ni mdogo, utatokea baharini au barabara ya Darajani. Mavazi ya kujisitiri mabega na magoti yatakufungulia mazungumzo mengi. Ijumaa mchana acha kwanza, watu wako msikitini na maduka mengi yanafungwa. Na beba kitambulisho chako cha taifa. Sehemu nyingi wenyeji tuna kiingilio chetu tofauti na cha wageni wa nje.

Sasa ndugu Mkaguzi, kuna jambo naomba nilisahihishe kabla halijasemwa na wengine. Pale Mkunazini watu huteremshwa kwenye vile vyumba viwili vya chini, wanaambiwa ndimo walimofungiwa watumwa kusubiri mnada. Hukuviandika, lakini atakayekwenda ataonyeshwa. Wapo watafiti wanaosema vyumba vile vilichimbwa baadaye, kwa ajili ya jengo la hospitali ya misheni. Soko lilikuwepo, minada ilikuwepo, mateso yalikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini jiwe lisemewe kilichotendeka juu yake, lisisingiziwe. Mimi nimezaliwa hapa, na inaniuma ninaposikia historia ya wazee wetu, waliouza na waliouzwa, ikipambwa ili mgeni alie.

Mkaguzi Msafiri

Mtoto wa Shangani, nakushukuru kwa moyo wote. Niliteremka, na kwa kweli nililia, na sioni aibu. Lakini umenisaidia kujua nililia kwa ajili ya nini. Nitalitenganisha hilo nikisimulia tena.

Naomba na mimi nikuulize. Mtembezaji mmoja alinionyesha mlango uliochongwa mnyororo pembeni, akasema mnyororo ni alama ya kwamba mwenye nyumba alimiliki watumwa. Ni kweli?

Mtoto wa Shangani

Hilo nalo nimelisikia tangu utotoni, kwa watembezaji zaidi kuliko kwa mafundi. Mafundi wa kuchonga niliokaa nao wanasema mnyororo ni ulinzi: nyumba imefungwa dhidi ya shari. Samaki ni uzazi na riziki. Mtende ni neema na wingi.

Ukitaka kuusoma mlango, usianzie kwenye alama. Anzia juu. Milango ya zamani yenye mkono wa Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, na mara nyingi kuna aya au tarehe ya Hijria imechongwa hapo. Ile yenye tao juu na majani mengi yaliyopindana ina mkono wa Kihindi, mingi ni ya enzi za Barghash na baada yake. Na ile ya Kigujarati imegawanywa viboksi vidogo vidogo vya mraba. Kisha tazama ule mti wa katikati unaoziba pale mbawa mbili zinapokutana, unaitwa mfaa. Fundi humalizia ufundi wake wote hapo. Ukiona mfaa umechongwa vizuri na fremu ni ya kawaida, huenda mlango umeunganishwa kutoka milango miwili. Njumu za shaba nazo, zile zenye ncha, asili yake ni India, ambako zilizuia tembo wa vita wasisukume malango. Hapa hatukuwa na tembo wa vita. Tulipenda tu zinavyong'aa.

Mzee wa Hati

Uzi mzuri, lakini nataka kuweka neno kama mtu aliyepitisha hati za malipo ya safari kwa miaka mingi. Nimeona watu wanaongeza siku mbili kwenye ombi la safari "kwa maandalizi", kumbe ni matembezi. Nimeona risiti ya boti ya kwenda kisiwani ikiletwa kama usafiri wa kikazi. Posho ni fedha ya umma au ya mwajiri. Tusije tukapamba jambo hili kwa jina la historia.

Mkaguzi Msafiri

Mzee wangu, nakubaliana nawe moja kwa moja, na wewe unajua kazi yangu ndiyo hiyohiyo. Nilichokieleza ni saa 12 na nusu asubuhi na saa 10 alasiri. Saa hizo ni zangu. Wengine huzilala, wengine huzimalizia kwenye televisheni ya hoteli. Nikitaka siku nzima, naomba siku moja ya likizo mwishoni, nalipa chumba mwenyewe, na kwenye ripoti ya safari naandika wazi tarehe kazi ilipoisha. Kiingilio cha makumbusho hakijawahi kuingia kwenye hati yangu ya malipo.

Nalisema hili pia kwa vijana walioanza kazi: mwambie kiongozi wa msafara utakuwa wapi na utarudi saa ngapi. Mwaka 2017 mwenzetu mmoja alipotea na simu ilimzimikia. Tulimtafuta hadi saa 4 usiku, na kesho yake wote tulikuwa hatuna nguvu kazini.

Mvita Asilia

Jamani nasi wa Mombasa tusisahauliwe. Yeyote anayetumwa bandarini Kilindini au kwenye mikutano ya hoteli za pwani, hana sababu ya kurudi bila kuiona Ngome ya Yesu, Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, mchoraji ni Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Fikirieni karibu miaka mitatu, humo ndani wanakufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Meli iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama mwaka 1697 hapo mbele ya ngome, na vitu vilivyotolewa chini ya maji vinaonyeshwa ndani. Waingereza wakaja kuigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958.

Mimi huwaambia wageni wa ofisini kwetu: ingia asubuhi inapofunguliwa, jua halijawa kali, kwa sababu kule juu ya kuta hakuna kivuli. Ukitoka, tembea kwa miguu ukipitia Mji wa Kale hadi soko la Marikiti. Usipande tuktuk. Njiani utapita misikiti, roshani za mbao na watu wanaouza kahawa ya buli, nawe utaelewa kwamba ngome haikuwa peke yake, ilikuwa inalinda, au kukandamiza, mji wenye watu wake. Ngome bila soko ni nusu ya habari.

Susi na Chuma

Natokea Bagamoyo. Ndugu Mkaguzi, hukutaja msalaba ulioko ndani ya kanisa la Mkunazini, na mimi ndio ulionifanya nilipende kanisa lile. Ni msalaba wa mti uliotokana na ule mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Mwili wenyewe ulikaushwa, ukabebwa na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao kwa miezi mingi hadi pwani. Ulifika Bagamoyo Februari 1874 ukalazwa kwenye mnara wa misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, na mnara huo bado umesimama. Kisha ukapelekwa Unguja, na kutoka huko Uingereza.

Wengi husimama Mkunazini wakamtaja mzungu mmoja. Mimi nikisimama pale nawataja waliobeba. Nilichagua jina langu humu kwa sababu yao. Kama kazi ikikuleta upande wetu kwa siku moja tu, nenda misheni asubuhi, kisha Kaole jioni kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na yale makaburi ya nguzo. Sehemu hizo mbili zinatosha siku.

Binti wa Leja

Nimesoma yote, naandika kwenye daftari. Swali la mwisho: viungo. Mama ameniagiza zafarani na karafuu kutoka Darajani. Nisiibiwe vipi?

Mtoto wa Shangani

Zafarani ya bei ya chini Darajani, dada, mara nyingi ni maua ya mmea mwingine yaliyokaushwa, au nyuzi zilizotiwa rangi. Muombe muuzaji maji kidogo kwenye kikombe cheupe, tia nyuzi mbili tatu. Ikiwa maji yanakuwa mekundu papo hapo na nyuzi zinafifia, rudisha. Ya kweli haina haraka. Maji yanakuwa ya manjano ya dhahabu polepole, na uzi unabaki na wekundu wake. Itazame pia kwa ncha: uzi wa zafarani umefunguka mwishoni kama tarumbeta ndogo. Muuzaji anayekataa kukupa maji amekwisha kukujibu.

Karafuu, chukua kipakti kidogo cha kupikia, kilichofungwa dukani. Usikubali mtu akupe mfuko mkubwa wa karafuu kavu kwa bei ya urafiki. Karafuu huku ni zao la taifa, inanunuliwa na shirika la serikali la ZSTC, na magendo yake ni kosa. Nusa kabla ya kununua, uibane karafuu moja kwa ukucha. Ikitoa mafuta kidogo ni nzuri. Ikiwa kavu kama kijiti, mafuta yamekwisha kamuliwa.

Na kwa kuwa utakuwepo siku sita, nenda Ngome Kongwe siku ambayo huna nguvu. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondoka, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Kaa tu kwenye ngazi za ukumbi wa wazi. Pale ndipo tamasha la muziki la Sauti za Busara limefanyika kwa miaka mingi, na kuta zile zile zilikuwa gereza. Hamamni ni karibu, bafu la Barghash; maji hayapo tena, lakini ule ubaridi ndani ya vyumba vyenye matundu ya mwanga darini ni wa kushangaza ukitoka juani.

Binti wa Leja

Wapendwa, nimerudi juzi. Nimeona nilete mrejesho kwa sababu mlinipa muda wenu.

Nilikwenda Darajani asubuhi mara tatu. Soko limebadilika, kuna majengo mapya upande wa pili, lakini viungo vipo na maneno ni yaleyale. Mtu wa kwanza alikataa kunipa maji. Wa pili alinipa, na maji yakawa mekundu kabla sijamaliza kusema ahsante. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima, alicheka, akaniambia, "Nani kakufundisha?" Akafungua kopo dogo kutoka chini ya meza. Nilinunua kidogo sana kwa sababu ni ghali, lakini mama yangu aliponusa alifumba macho.

Mkunazini nilikwenda alasiri nzima kama kaka alivyosema. Nilimtafuta mlinzi anionyeshe msalaba, nikawataja Susi na Chuma kwa sauti ndogo. Kwenye vyumba vya chini nilisimama mlangoni, nikakumbuka alichoandika Mtoto wa Shangani, nikasikiliza mtembezaji wa kundi jingine akieleza. Sikubishana naye. Nilikwenda kwenye zile sanamu tano nikakaa hadi kivuli cha ukuta kikazifunika.

Beit al-Ajaib nililitazama kwa nje tu. Kaka Mkaguzi, nilisimama mahali ambapo naamini ulikuwa ukipita.

Nyumba tuliyofanyia mafunzo ni ya zamani pia. Siku ya pili mwalimu alipokuwa akiandika ubaoni niliinua macho nikaanza kuhesabu boriti. Kumi na tisa. Ya nne kutoka dirishani ilikuwa imebadilishwa kwa mbao ya kupasuliwa, na pale ilipoingia ukutani palikuwa na doa la maji. Nilimwambia mwenye nyumba wakati wa chai. Alipanda kwenye kiti, akapagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaniambia atamwita fundi wa chokaa kabla ya masika.

Mkaguzi Msafiri

Mdogo wangu, asante. Ukipata tena nafasi ya kwenda, mpitie yule mwenye nyumba, umuulize kama fundi alikuja.